Mchumba Wangu Kahesabu Majeruhi, na Msimamizi wa Jukwaa Ni Mimi

Mpendwa Mama Brigita,

Shikamoo mama, na pole kwa kazi ya kubeba mizigo ya watu kila wiki. Nami nimekuja na wangu, naomba uniokoe kabla sijafuta kitu au sijafutwa mimi mwenyewe, maana hapa nilipo sili nikashiba.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, kwetu ni Marangu lakini niko Karatu mwaka wa nne sasa, nafanya kazi ofisini kwenye kampuni ya kupeleka wageni kreta ya Ngorongoro, napokea simu, naandika imeili, nabembeleza Wazungu ambao mabegi yao yamepotelea njiani, na kwa kuwa mezani kwangu kuna kompyuta yenye intaneti inayokamata hata mvua ikinyesha, kijana mmoja wa hapa anayesoma Sweden alipoanzisha jukwaa la mtandaoni la wapenda michezo wa Karatu na Ngorongoro, linaitwa Kijiwe cha Kreta, huenda umelisikia, akaniomba niwe msimamizi, yaani nisome kila kinachoandikwa, nifute matusi, nifungie wakorofi na nizuie maneno ya makabila, nikakubali nikidhani ni kazi ya kufuta matusi mawili matatu kwa wiki, kumbe nimejitafutia vidonda vya tumbo.

Mama, huku tuna Kombe la Masika. Linachezwa wakati wa mvua kwa sababu ndipo wageni hawapo na madereva wa utalii wako mjini, na timu ya madereva inaitwa Springi FC, na kipa wa Springi ni Godson, na Godson ndiye mchumba wangu, pete nimeshavishwa, harusi ni Novemba Mungu akipenda. Timu nyingine zipo, wakulima wa Qurus wapo, Enguserosambu wapo, lakini wanaotunyima usingizi ni vijana wa Soitsambu, ambao wanapanda lori la ng'ombe kule Loliondo, wanasafiri kutwa, wanashuka wamekakamaa migongo, wanakunywa maji, wanatufunga, wanapanda lori lao wanarudi. Misimu mitatu mfululizo wametutoa wao, na mwaka huu ilikuwa fainali, tena mbele ya mabosi wetu wote waliokuja na viti vyao vya kukunja.

Sasa wiki moja baada ya fainali naingia Kijiweni asubuhi nakuta mada mpya imeandikwa na mtu anayejiita Breki Kali, ambaye ni Godson, kichwa chake kwa herufi kubwa: SOITSAMBU WANAVUNJA WATU, TAKWIMU ZINASEMA. Nilishangaa, maana Godson huyu meseji anazonitumia mimi ni "poa" na "nakuja", leo ameandika kurasa na jedwali juu, kila jina na karatasi yake ya zahanati. Anasema kwa misimu mitatu Kombe la Masika limekuwa na majeruhi thelathini, na kati yao kumi na wanane wameumia kwenye mechi za Soitsambu, ambayo ni asilimia sitini, na chini akamtaja beki wao Lembris kwa jina lake na la baba yake, akamwita mchinjaji, akataka timu nzima iondolewe kwenye Kombe, akamalizia na "nawasilisha" kama mbunge.

Moto ukawaka. Watu wa Dar wakaingia, wa Mwanza wakaingia, kuna mmoja yuko Norway hajakanyaga Karatu tangu darasa la saba naye akaandika kwamba roho inamuuma sana, na kila mmoja wimbo wake ni asilimia sitini, asilimia sitini, hadi juzi nimekwenda buchani muuza nyama ananiambia huku anapima kilo yangu, "Dada, hiyo asilimia sitini inatisha," namuuliza asilimia sitini ya nini, anasema hakumbuki lakini inatisha. Na Mzee Fabian, mwenyekiti wa kamati ya Kombe, yeye hana kompyuta lakini amekwenda kwenye intaneti kafe akachapiwa mada yote, ameiweka kwenye bahasha ya kaki anatembea nayo, na kikao cha kamati ni Jumamosi ijayo, na ajenda ni moja, kuitoa Soitsambu kwenye Kombe na kumfungia Lembris maisha.

Wewe utasema basi acha kamati ifanye kazi yake, lakini subiri mama nikueleze kinachonitafuna. Sisemi yote ni uongo. Joel, winga wetu, alivunjika ugoko kweli kwenye mechi na Soitsambu, nilikuwa pembeni ya uwanja nikausikia ule mlio, na hao vijana kwa kweli wanacheza kwa nguvu, hawana mchezo. Lakini kwenye lile jedwali, jina la mwisho kati ya wale kumi na wanane ni Godson mwenyewe, "kifundo cha mguu, kateguliwa na Lembris", na mama, kile kifundo kilipoteguka mimi nilikuwepo, na Lembris hakuwepo.

Jioni ya siku ile ile ya fainali kulikuwa na send-off ya binti wa mjomba wangu, na wewe unatujua Wachaga na ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa haingii ukumbini kimyakimya, lazima aingizwe kwa kuchezwa, basi Godson akajitolea kubeba upande wa mbele, wimbo ukakolea, MC akamchochea, akaamua kuonyesha mtindo wa kurudi kinyumenyume, akakanyaga ngazi ambayo haikuwepo. Akaenda chini kwa goti moja, kifundo kikateguka. Mbuzi hakuanguka, nasema kweli, alimshika juu ukumbi mzima ukampigia vigelegele, akamaliza kucheza kwa mguu mmoja, nikajisikia fahari kabisa. Jumatatu akaenda zahanati moja, akapata karatasi yake ya ED ya kupumzishwa kazi, na sababu akaandikisha ni mpira, maana wiki ile bosi alikuwa amewaamuru madereva wote waende gereji kukwangua rangi za zamani kwenye magari kabla msimu haujaanza, na kazi ya kukwangua rangi hakuna anayeipenda.

Nilimuuliza, usidhani sikumuuliza. Nikamwambia, "Godson, mguu si uliteguka ukumbini?"

Akasema, "Sasa mami, mechi ilikuwa mchana, ukumbi jioni. Lembris aliulegeza, mbuzi akamalizia."

"Basi muandike na mbuzi."

"Acha hizo, Anneth. Hizo ni takwimu."

Halafu kuna Nasha. Nasha tunakaa meza moja ofisini, kwao ni Soitsambu, na Lembris ni kaka yake wa tumbo moja. Hakunigombeza hata kidogo, na afadhali angenigombeza, alivuta kiti tu akaniambia, "Ndugu yangu, kwenye hesabu ya mchumba wako, upande wetu aliyeumia ni nani?" Nikafungua nikaangalia, safu ya majeruhi wa Soitsambu ina sifuri, misimu yote mitatu sifuri. Nasha akaniambia Lembris alirudi nyumbani kutoka fainali ya mwaka huu hajasema neno, akachunga, akakamua, mpaka yeyo, yaani mama yao, akamuona anashindwa kutupia shuka begani, kumshika hivi mfupa wa bega umekaa upande. Nikamuuliza mbona hakusema, Nasha akanicheka. "Amwambie nani? Refa? Mtu amesimama mbele ya kisu cha jando hajapepesa jicho, leo alie mbele ya madereva kwa ajili ya mpira?"

Na mdogo wao mwingine, Tajewo, anasoma Arusha, aliingia Kijiweni akaandika kwa herufi kubwa tupu: MADEREVA WAONGO, ALIYEANGUSHWA NA MBUZI ASITUSINGIZIE SISI. Hiyo niliifuta haraka sana kwa sababu kumwita mtu mwongo ni tusi kwa sheria za Kijiwe, na nikamfungia asiandike wiki mbili, nadhani hapo sikukosea.

Sasa mama nishauri. Nikiifuta mada nzima, watasema msimamizi anaficha na Joel ataona maumivu yake si kitu. Nikiiacha, Jumamosi vijana wa watu wanatolewa kwenye Kombe kwa hesabu ambayo mimi najua kuna mbuzi ndani yake. Nikisema ukweli, Godson ameshaniambia kwamba mwanamke anayemvua nguo mumewe mtandaoni kabla hata hajavaa shela, hiyo ndoa imeanza na mguu mbaya, na mama mimi nampenda Godson, ni mtu mzuri, ana huruma, anasimamisha gari kupisha kobe. Au nijiuzulu tu usimamizi nikae kando nisijue lolote? Ikikupendeza itoe gazetini, ila badilisha majina, nakuomba sana, Karatu ni ndogo.

Ni mimi,
Mwenye Funguo, Karatu.

MAMA BRIGITA ANAJIBU

Marahaba binti yangu Mwenye Funguo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia, mara ya pili nikakasirika, na sasa nakujibu nikiwa katikati.

Pole kwanza. Kuwekwa kuwa hakimu wa watu unaonunua nao nyanya si jambo dogo, na mchumba akiwa mmoja wa washitaki ni balaa. Kobe nimemsikia pia. Nakubali kijana wako ana moyo. Tutarudi kwake.

Tuanze na hiyo asilimia sitini inayomtisha muuza nyama. Umekaa na hilo jedwali siku zote hizo, na wewe si mjinga, wageni wanafika kreta na kurudi salama kwa mahesabu yako. Hukujiuliza hao majeruhi thelathini wamehesabiwa kwa kitu gani? Nitakwambia. Wamehesabiwa kwa karatasi za ED. Godson hakuzunguka vijijini kupapasa magoti ya watu. Alichukua karatasi zilizopo, na karatasi zilizopo ni za madereva, kwa sababu wao ndio wana mwajiri wa kumpelekea. Mkulima wa Qurus akiumia goti Jumapili, Jumatatu yuko shambani anachechemea kwenye maharage, kwa sababu maharage hayapokei ED. Mchungaji wa Enguserosambu ndio kabisa, ng'ombe hawajui kusoma. Ukihesabu wagonjwa wa wilaya kwa kuangalia waliolala hospitali, kijiji kisicho na hospitali kitaonekana kina afya kuliko vyote, na wewe utakwenda kukipongeza.

Halafu Springi na Soitsambu wanakutana kila mwaka, tena kwenye mechi za mwisho ambapo watu wanacheza kwa hasira. Timu inayocheza mpaka fainali inacheza mechi nyingi kuliko iliyofungasha virago wiki ya kwanza, na mechi nyingi ni viatu vingi kwenye miguu mingi. Je, Godson aligawanya kwa mechi? Hakugawanya. Na hao madereva wanaoumia msimu wa kukwangua rangi, mbona msimu wa wageni hatusikii kifundo hata kimoja, wakati wanapanda na kushuka yale magari mchana kutwa? Mimi sisemi kitu, nauliza tu.

Na ile sifuri. Nimecheza netiboli miaka kumi na kitu, nilikuwa mkabaji, kidole changu cha pete mpaka leo hakinyooki, na nakuhakikishia hakuna timu duniani inayocheza misimu mitatu asing'oke mtu hata kucha. Ukiona sifuri ya namna hiyo ujue hawakuulizwa. Na hapo nina ugomvi na Lembris pia, ukimuona Nasha mpelekee salamu zangu. Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Kisu cha jando nakiheshimu, lakini bega ni la kuchungia, kukamulia na kubebea watoto, na likikaa upande akiwa kijana litamtesa akiwa mzee. Aende hospitali leo, si kesho, na akirudi aseme mbele ya kamati kwamba aliumia. Kwa kunyamaza kwake amewaachia madereva peke yao wazungumze.

Sasa nakuja kwako, na hapa sicheki. Umeniandikia mambo mengi ukiomba nikupime, halafu lile kubwa kuliko yote umelipitisha haraka haraka na kusema "nadhani hapo sikukosea". Ulikosea hapo hapo. Godson alimwita mtu mchinjaji, akamtaja jina lake na la baba yake mbele ya dunia mpaka Norway, ukaliacha limekaa. Tajewo aliandika waongo, hakumtaja mtu, ukamfuta na kumfungia. Na ndani ya sentensi yake hiyo mbaya yenye kelele ndimo ulimokuwa ukweli pekee wa ukurasa ule, na wewe ulijua, kwa sababu ulikuwa ukumbini unapiga vigelegele! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ulitumia sheria ya Kijiwe kama mtu anayefagia uchafu chini ya zulia, ukijisemea kwamba sheria ndiyo iliyofagia.

Msimamizi wa jukwaa, mwanangu, kazi yake si kuamua nani alimkanyaga nani. Hiyo ni ya refa na kamati. Kazi yake ni kuhakikisha anayeshitakiwa ana nafasi ya kujibu, kwamba mtu hatukanwi kwa jina lake, na kwamba kipimo anachopimiwa mgeni ndicho anachopimiwa mchumba. Ukishindwa hilo la mwisho, hayo mengine yote ni mapambo.

Kwa hiyo mada usiifute. Ugoko wa Joel ulivunjika, na mtu aliyevunjika ana haki ya kusikika, tena kamati ikiwa na akili itanunua vikinga ugoko na kutafuta refa ambaye si shemeji wa mtu. Ila neno mchinjaji na jina la Lembris yaondoke leo, na uandike wazi kwamba umeyaondoa wewe na kwa nini. Tajewo mfungulie, umuombe radhi hadharani, kisha umwambie aandike upya bila kelele. Halafu hiyo mada ikabidhi kwa mtu mwingine kabisa, maana wewe ni mchumba wa mshitaki na huwezi kukaa kwenye kiti hicho. Usiniambie hakuna mtu. Karatu imejaa walimu wa sekondari, mmoja hatakosa dakika za kusoma ugomvi wa mpira, na ukimpata ambaye hapendi mpira ndiyo bora zaidi.

Kujiuzulu nimekukatalia. Ukiondoka sasa, jedwali linabaki, kikao kinabaki, na wewe unakuwa umekimbia na funguo mfukoni. Jiuzulu baada ya Jumamosi ukitaka, hapo sitakuzuia.

Na Godson. Amekutisha na shela. Mimi nimeolewa miaka thelathini na miwili na nakwambia, shela linavaliwa siku moja, baada ya hapo ni chai na ukweli, na chai ikikosekana mnaweza kuvumilia. Lakini usimwendee kama polisi. Huyu si mtu mwovu. Ni mtu aliyefungwa fainali mbele ya bosi wake, mguu unamuuma, na akapata njia ya kugeuza aibu kuwa asilimia. Wanaume wengi wangefanya hivyo, na wanawake pia, sitawaonea. Kosa lake ni kwamba aibu yake amempa mtu mwingine aibebe, kijana ambaye hawezi hata kuingia Kijiweni kujitetea. Mwambie hivyo. Mwambie aende kwa Mzee Fabian mwenyewe, kwa mguu wake, aseme, "Mzee, jina langu litoe kwenye hiyo bahasha, na hesabu yenyewe tuifanye upya na Soitsambu wakiwepo." Maneno hayo hayazidi dakika moja. Madereva wenzake watamcheka wiki nzima, watamwita majina, kisha wageni wataanza kuja na watasahau. Akikataa, utakwenda wewe, na hutatukana wala kulia, utasema ulichokiona kwa macho yako na kuondoka.

Limebaki jambo moja, na hili ulishike vizuri. Umeniomba nibadilishe majina, na nimeyabadilisha yote, ya watu na hata ya timu ya madereva. Lakini binti yangu, nani Karatu hajui ni nani alicheza na ndafu kwa mguu mmoja? Mwenye siri huenda kwa padri, au kwa mchungaji, au anamnong'oneza dada yake jikoni. Wewe uliandika kwa gazeti linalosomwa na mkoa mzima, ukaongeza kwa mkono wako "ikikupendeza itoe". Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu. Nadhani ulishaamua kusema tangu zamani, ila ulitaka mdomo uwe wa mtu mwingine ili Godson akikasirika amkasirikie Mama Brigita. Nakubali kukasirikiwa, nimezoea. Lakini siwezi kumwambia yeye kwa niaba yako.

Gazeti hili linafika Karatu na basi la kwanza siku ya Ijumaa, na kikao ni kesho yake. Kama unasoma hapa, mahali fulani mjini na yeye ameshikilia nakala yake, na kwa jinsi ninavyowajua wanaume bado yuko kwenye kurasa za michezo. Ofisini waambie utachelewa. Chukua gazeti, nenda kwake sasa hivi, akae chini, umsomee mwenyewe.